Kitako cha Duara cha Meli Namba Kumi na Saba

Kilichoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini kilikuwa duara la matundu kumi na mawili. Lilikuwa kwenye mchoro wa sitaha ya mbele wa meli tuliyokuwa tukiiunda, na pembeni yake mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: kitako cha winchi. Winchi zote za kuvutia nyavu nilizowahi kuziona zilikaa juu ya kitako cha pembe nne. Kitu kinachofungwa kwa bolti za duara ni kitu kinachogeuka. Nililijua hilo, kisha nikajiambia sijui, kisha nikajilaumu kwa kujifanya sijui. Ndivyo nilivyokuwa, na ndivyo nilivyo hadi leo, ila sasa nina pensheni.

Vijana wa ofisi ya michoro waliponiaga waliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu kwenye yadi ya meli ya Kisumu. Nadhani walitarajia historia ya yadi: nani alikuwa meneja lini, nani alipandishwa cheo. Hayo yako kwenye faili, na faili zimeliwa na mchwa kwa haki. Mimi nitaandika kuhusu meli mbili tu, kwa sababu mengine yote niliyofanya baadaye niliyafanya nikiwa nazifikiria hizo.

Nilifika yadi Jumatatu asubuhi nikiwa na digrii ya uhandisi, kikokotoo cha betri na hofu ya kila kitu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Migosi, na njia nzima nilikuwa nikirudia maneno ya kujitambulisha. Sikupata nafasi ya kuyasema. Fomeni wa mabati, Mzee Okumu, aliniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni, akanipa nyundo ndogo na kuniambia nigonge ubavu wa tishari kuukuu lililokuwa limepandishwa nchi kavu. Nikagonga. Akauliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia chuma. Wachomeleaji wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Bati mzima inaimba," Mzee Okumu akasema. "Hii inakohoa. Gonga mpaka usikie."

Niligonga siku tatu. Leo mna mashine ya kupima unene wa chuma, na ni nzuri, ila betri yake ikiisha msirudi ofisini kunywa chai. Gongeni.

Kwa kuwa nilitoka Maragoli, aliniita Nyar Maragoli, binti wa Maragoli, na baada ya wiki moja yadi nzima ikaniita hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya pale, ambayo haikuandikwa popote: meli inapojaribiwa majini kwa mara ya kwanza, aliyechomelea hushuka chini ya sitaha na taa yake kusikiliza maji, na aliyepiga hesabu na kutia sahihi hupanda pia. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki gatini akipunga mkono. "Kama hesabu yako ni nzuri, unaogopa nini?" aliniuliza. Sikumjibu kwamba nilikuwa naogopa hata ngazi.

Meli Namba Kumi na Saba iliagizwa na kampuni moja ya biashara kwa niaba ya mteja wa ng'ambo ya ziwa, Uganda. Karatasi zilisema ni ya kubeba samaki na abiria. Michoro ilinunuliwa kutoka Ulaya. Tulitandika uti wa mgongo wake juu ya slipu, yaani zile reli zinazoteremka mpaka majini, mvua za masika zikiwa zimeanza, na kila asubuhi tulifagia maji kwanza kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Mbavu zilisimama moja baada ya nyingine. Mabati yalikunjwa kwa moto na nyundo nzito, kwa sababu roli ya kukunjia ilikuwa imeharibika tangu kabla sijafika, na mtu wa kuitengeneza alikuwa anakuja. Nilistaafu akiwa bado anakuja.

Nataka niwaambie jinsi tulivyopima uchomeleaji, maana naona siku hizi mnaamini macho. Unapaka chokaa nyembamba upande mmoja wa mshono, unaiacha ikauke iwe nyeupe kabisa. Kisha unakwenda upande wa pili na kupaka mafuta ya taa. Unakunywa chai. Ukirudi, penye tundu hata dogo kuliko ncha ya sindano, mafuta yatakuwa yamepita na chokaa itakuwa na doa. Mafuta ya taa hayana adabu wala hayahongeki. Namba Kumi na Saba ilitupa madoa manne tu kwenye bodi nzima, na Mzee Okumu aliyakata yote manne mwenyewe bila kusema neno, jambo ambalo lilimtisha mchomeleaji kuliko matusi.

Ushindi wangu wa kwanza ulitokana na wasiwasi. Niligundua kwamba waliochora meli walipiga hesabu za maji ya bahari. Maji ya chumvi ni mazito na hubeba zaidi. Ziwa letu ni maji matamu, kwa hiyo meli ileile ikiwa na mzigo uleule itazama chini kidogo zaidi. Kwa hesabu ile ile ya Ulaya, tungechora alama za mzigo mahali pasipofaa na hakuna ambaye angejua. Nilirudia hesabu mara sita. Nilipomwendea Mzee Okumu na karatasi zangu, akawatangazia watu wote kwamba Nyar Maragoli ameonja ziwa akakuta limekosa chumvi. Kwa miezi miwili hakuna aliyenipita wakati wa chakula bila kuniuliza kama omena, dagaa wetu wa ziwani, imekolea chumvi. Lakini alama walizihamisha mahali nilipowaambia.

Basi mnaelewa kwa nini lile duara halikunitoka. Hesabu yangu ilikuwa imeshakuwa kweli mara moja.

Nilimwonyesha Mzee Okumu ule mchoro. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Chini ya kitako kulikuwa na mihimili mitatu mizito iliyoshuka mpaka kwenye mbavu. Akasema winchi inakaa kama ng'ombe amelala, haizunguki kutafuta mtu. Akakunja karatasi kwa uangalifu na kunirudishia. Wakati huo ng'ambo kulikuwa na vita na kila mtu Kisumu alijua. Tulikuwa tukiona familia zikishuka gatini na magodoro. Hakuna aliyehitaji kumalizia sentensi.

Chuo kikuu, mwalimu wetu alitumia mfano mmoja kutufundisha uthabiti wa meli, nao sikuweza kuusahau. Ilikuwa manowari ndogo ya Kifaransa, iliyoundwa kwa ajili ya kasi, nyembamba na nyepesi. Vita vikaja. Wakubwa wakaiongezea silaha hapa, risasi pale, vyote juu ya sitaha, na kila nyongeza peke yake ilionekana ndogo. Hakuna aliyerudi kwa wachoraji kuuliza. Kisha ikatoka katika hali mbaya ya hewa, na bahari ikaivunja kabla adui hajaiona. Mwalimu alisema bahari haikujua kwamba kuna vita. Darasa lilicheka. Mimi niliandika.

Kwa hiyo nilipiga hesabu: nikaweka mbele, juu ya kitako kile, uzito wa kitu ambacho sikutaka kukitaja, nikajaza sitaha kwa watu, nikailetea mawimbi ya jioni ya ghuba yetu. Meli ilipinduka kwenye karatasi kila mara. Nikapunguza watu, ikapinduka polepole. Nikaondoa kile kitu, ikasimama vizuri kama bata.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lazima niliseme. Kisha akaniambia kwamba mteja amesema ni winchi, kwamba sisi ni yadi na si mahakama, na kwamba mtu aliyesoma hapaswi kuogopa kivuli. Nilimwomba basi niweke ukurasa wa onyo kwa nahodha kwenye kitabu cha uthabiti, kile ambacho hukabidhiwa pamoja na meli: usiweke mzigo wowote mzito juu ya sitaha ya mbele. Akakubali. Nikashukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku ya jaribio la kuinamisha, la kupima uthabiti wa meli, tulipanga mifuko ya saruji katikati ya sitaha, tukaning'iniza timazi ndani ya chumba cha injini, ncha yake ikiwa ndani ya ndoo ya mafuta machafu ili isiyumbe. Unahamisha mifuko upande wa kulia, unasoma timazi imesogea kiasi gani. Unairudisha, unaipeleka kushoto, unasoma tena. Watu wote lazima wasimame tuli, na msidhani ni kazi rahisi kuwafanya watu ishirini wa Kisumu wasimame tuli. Matokeo yalikuwa mazuri. Mwakilishi wa mteja, mtu wa viatu vya kung'aa ambaye hakuwahi kuuliza chochote kuhusu samaki, alitabasamu na kutaka kitabu.

Kilirudi kutoka ofisini kimepigwa chapa upya na kufungwa vizuri. Ukurasa wa onyo haukuwemo. Meneja alisema mteja ameomba kitabu kisafi, na kwamba onyo lingemfanya mnunuzi afikiri tumemuuzia meli mbovu. Akanisogezea kalamu. Hesabu zote zilizomo zilikuwa sahihi. Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani ya kitabu kile, ila ukweli mmoja uliokosekana. Nilijiambia hivyo, nikatia sahihi.

Nilipanda, kama sheria ilivyotaka. Aliyeshika usukani alikuwa Nahodha Wafula, Msamia mpole aliyeoa Kombewa na kupenda kuzungumza juu ya mbuzi wake. Tulikwenda mpaka mkabala na Kisian tukarudi, chini ya sitaha Mzee Okumu akisikiliza maji ambayo hayakuja. Wafula alisifu usukani, akasema meli inatii kuliko mke. Wiki iliyofuata alimpelekea mteja meli yake, na kule wakamwomba abaki aiendeshe. Akakubali. Nilikuwa gatini alipoondoka. Nilipunga mkono.

Sheria yetu ilikuwa na tundu ambalo hakuna chokaa iliyowahi kulionyesha: tulipanda siku ya majaribio tu, wakati sitaha ya mbele ilikuwa tupu.

Muda mrefu hatukusikia lolote. Yadi ilikuwa imepata agizo la pili kutoka kwa kampuni ileile, meli pacha, Namba Kumi na Nane, na bodi yake ilikuwa imeshafikia sitaha juu ya slipu. Kisha Mzee Okumu aliniambia kwamba Wafula amelazwa hospitali ya Kombewa, na kwamba amerudi bila meli.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Nilimkuta amekonda, mguu mmoja umefungwa mpaka pajani, mkewe akimnywesha uji kwa kijiko ingawa mikono yake ilikuwa mizima. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Alinisimulia bila haraka. Meli haikubeba samaki hata siku moja. Ilipofika tu walifunga bunduki kubwa juu ya kitako, ikakaa sawasawa, bolti zikaingia zote kumi na mbili. Tangu hapo meli ilianza kuinamisha pua, na kwenye mawimbi ilichelewa kuinuka, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Alilalamika, wakamwambia azoee. Siku mji waliokuwa wakiulinda ulipotekwa, watu walijaa gatini, wanawake, watoto, askari waliovua sare. Aliwaomba waiondoe ile bunduki kwanza ili wabebe watu. Mkubwa wao akasema bunduki ni ya serikali, watu ni wa Mungu. Wakatoka hivyo hivyo. Nje ya ghuba wimbi moja lilipanda pua likakaa sitahani. Watu wakakimbilia upande mmoja.

"Haikupigwa risasi hata moja, madam," alisema. "Hata moja. Ililala tu."

Nikamwuliza walikuwa wangapi. Akasema hakuna aliyewahesabu wakipanda, kwa hiyo hakuna anayejua. Mkewe akaweka bakuli chini na kutoka nje. Wafula akasogeza kichwa kwenye mto.

"Wewe ulijua?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyaandaa ndani ya basi tangu Kisumu: ukurasa ulikuwepo, ulitolewa, si mimi, niliambiwa. Nikasema, "Nilijua."

Hakupandisha sauti. "Basi si ungeniambia mimi? Hiyo kitabu mimi sisomi. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika usukani. Hata ile siku tunaenda Kisian, ungeniambia tu kwa mdomo. Wafula, mbele usiweke kitu. Maneno nne."

Nilipokuwa nikitoka aliniomba nimfikishie salamu Mzee Okumu. Alipona, akachechemea maisha yake yote, na hakuwahi kunilaumu tena. Nimekutana na watu wengi walionilaumu kwa mambo madogo. Sikumbuki hata mmoja wao.

Jumatatu nilipanda Namba Kumi na Nane. Kitako kilikuwa kimeshachomelewa. Duara lilelile, matundu yaleyale. Nilikwenda kwa meneja na kumweleza yote niliyosikia Kombewa. Nadhani aliumia kweli, kisha akasema vita vya ng'ambo vimekwisha, mteja sasa anataka meli ya abiria kikweli, na kitako ni chuma tu, hakijamkosea mtu. Nikasema basi tukiondoe. Akasema mchoro uliolipiwa ndio unaoundwa. Nikasema basi onyo lirudi kitabuni. Akasema kitabu kitakuwa kama cha kwanza.

Wiki mbili nilifanya ninachokijua zaidi, yaani kufikiri. Nilifikiri kwamba labda kweli ni winchi mara hii. Nilifikiri kwamba nikiacha kazi atakuja mwingine atakayetia sahihi bila hata kupiga hesabu, kwa hiyo ni afadhali nibaki, kwa hiyo ni afadhali nitie sahihi mimi, ambaye angalau ninajali. Tazameni akili inavyoweza kumrudisha mtu palepale alipotoka, tena akijisifu. Nilifikiri kumwambia nahodha kwa mdomo, maneno manne. Lakini manahodha hubadilishwa, na maneno hayaachwi kwenye usukani. Duara ndilo lingebaki. Yeyote mwenye bunduki angelikuta limemngojea.

Jumanne baada ya chai ya saa nne niliacha kufikiri. Nilichukua miwani ya kukatia na glavu kwenye stoo, nikaandika jina langu kwenye daftari la stoo, nikapanda sitahani. Sikumwomba mchomeleaji yeyote, maana ambaye angekubali angefukuzwa kabla ya saa sita. Niliburuta mpira wa gesi na bomba lake la kukatia chuma mpaka mbele. Kiberiti kilizimika mara mbili. Kazi ilisimama yadi nzima, nikasikia nyundo zikinyamaza moja baada ya nyingine mpaka upande wa pili wa slipu.

Mzee Okumu alipanda taratibu, magoti yakimsumbua. Nilidhani amekuja kunizuia. Alitazama moto wangu, akainama akaupunguza kwenye valvu.

"Hiyo ni moto ya kuchoma nguruwe," alisema. "Shuka karibu. Tena pole pole. Unakata, hupaki rangi."

"Mzee, ondoka hapa. Watakufukuza na wewe."

"Mimi nafundisha mwanafunzi. Si ndiyo kazi yangu?"

Ilinichukua karibu saa nzima. Fundi angetumia dakika kumi na tano. Nilikata kwa mzunguko nje ya bolti, kisha mihimili mitatu chini yake, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kuja na kitako kipya na kukuta miguu imebaki. Mkato wangu ulikuwa mbaya, umejaa meno kama msumeno wa mtoto. Chuma kilipoachia kilianguka ndani ya meli kwa kishindo ambacho nilikisikia miguuni. Hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja chini alikohoa, kisha nyundo ya kwanza ikaanza tena, na nyingine, na nyingine.

Nilivua glavu. Kidole gumba kilikuwa kimeungua na sikuwa nimehisi. Nilishuka mpaka kwenye meza ya fomeni ambako kitabu cha kazi za siku kilikuwa wazi, nikaandika chini ya tarehe, kwa kalamu ya wino: Kazi: kuondoa kitako cha mbele, Namba Kumi na Nane. Aliyeagiza: mimi. Aliyefanya: mimi. Sababu: kile cha Namba Kumi na Saba kiliua watu, nami nilijua kingeua.

Nikatia sahihi, nikakifunga, nikakibeba mwenyewe kwenda ofisini kwa meneja.